Puok na Baba Zake Wawili

Puok Biel ni rika langu. Tulichanjwa alama za utu uzima kwenye paji la uso siku moja, kwa kisu kimoja, na kati yetu sisi wawili ni yeye aliyetikisika. Atakataa, lakini makovu yake yamepinda na yangu yamenyooka, basi nina haki ya kumsema. Watu wanaomsifu siku hizi kwa upole wake hawakumjua Puok wa zamani, ambaye hakuweza kuwapita watu wamekaa bila kusimama na kuwafundisha jambo.

Boma lake liko Dhorlual, ukingoni mwa mto Sobat, na langu liko jirani. Ana ng'ombe wa kumtosha, mke mmoja kwa sababu ya ubatizo, na sauti inayofika ng'ambo ya mto. Kwa ajili ya sauti hiyo walimfanya mwinjilisti. Mimi walinipa ngoma ya kanisa niipige, wakisema angalau nikiwa na ngoma sitakuwa na nafasi ya kuongea. Walikosea.

Nasikia kuna nchi ambako watu husinzia orodha ya ukoo wa Bwana Yesu inaposomwa. Sisi Wanuer ndipo tunapoamka. Mahubiri ya upendo tunayasikiliza kwa adabu tu, lakini ukianza kutaja mababu hata wazee wanaovuta kiko nje wanaingia ndani. Kwetu mgeni asiyejua kutaja baba zake hapewi maziwa, maana atakuwa ni nani? Kwa hiyo Mchungaji Yien, kijana aliyerudi kutoka chuo cha theolojia na baiskeli na miwani, aliposoma orodha ya Mathayo na orodha ya Luka katika ibada moja, alikuwa hajui amejiletea nini.

"Ngoja kidogo, Mchungaji," alisema Mzee Tharjiath kutoka kwenye gogo la nyuma. Huyu mzee hajabatizwa. Huja kanisani kusikiliza kesi. "Kile kitabu cha kwanza kimesema baba yake Yusufu ni Yakobo. Hiki cha pili kinasema ni Eli. Yusufu ni mwana wa nani?"

"Ni swali zuri," akasema Mchungaji, akavua miwani. Wasomi wakivua miwani ujue hawana jibu karibu. "Wataalamu wanasema orodha ya Luka ni ya ukoo wa Mariamu."

"Imemtaja Mariamu?"

"Haikumtaja moja kwa moja."

"Imemtaja kwa kona?"

Kanisa likacheka. Bibi Nyaluit, mama yake Puok, akatoa kiko mdomoni. "Mwanangu Mchungaji, wanaume wakitaja ukoo wetu sisi wanawake hutusahau, hilo nimelizoea. Lakini kutaja ukoo wa mwanamke na kumsahau mwanamke mwenyewe! Hao wataalamu wako wameoa kweli?"

Hapo ndipo Puok aliposimama. Namwona mpaka leo, kifua mbele, mkono juu kama anayeita ng'ombe.

"Ndugu zangu, mnahangaika na nini? Yusufu ana baba wawili. Mmoja alitoa ng'ombe, mwingine alizaa. Mimi mwenyewe niko hivyo! Nitazameni!"

Tulimtazama, ingawa tulikuwa tunajua. Nyaluit aliolewa na Biel, na Biel alikuwa amekwisha kuzikwa. Alikufa kijana, hana mke, na ndugu zake hawakutaka jina lake lipotee, wakatoa ng'ombe wake wakamwolea Nyaluit. Ndugu aliyeshika nafasi ya marehemu naye akachukuliwa na homa kabla ya mtoto. Ndipo akatokea Duop, mtu wa ng'ambo aliyekuja na mkuki wake na mkeka wake tu, akaingia nyumbani kwa Nyaluit na hakutoka tena. Watoto wote ni wa Duop kwa sura, mpaka vidole vya miguu. Kwa jina ni wa Biel, kwa sababu ng'ombe walikuwa wa Biel. Hakuna mtu kwetu anayeona ajabu katika hilo.

"Baba yangu wa ng'ombe ni Biel," akanguruma Puok. "Baba yangu wa damu ndiye huyu Duop, amekaa pale mlangoni. Dada yangu alipoolewa, Duop hakupewa ng'ombe wa mzaaji? Alipewa! Basi Mathayo ni mtu wa damu, anasema huyu alimzaa huyu. Luka ni mtu wa sheria, anasema huyu ni wa fulani. Wote wawili wamesema kweli. Ukimkata baba mmoja umemkata Yusufu nusu!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilipiga ngoma bila kuamriwa. Mchungaji Yien akavaa miwani akasema, kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa, kwamba kuna wataalamu wa zamani sana waliosema karibu hivyohivyo. Hakuna aliyemsikiliza. Duop mwenyewe, pale mlangoni, aliendelea kusuka kamba ya ng'ombe.

Tangu siku hiyo hatukupumzika. Puok alihubiri baba wawili kwenye ubatizo, kwenye mazishi, kwenye kisima. Akipata mgeni alimsomea Mathayo kabla ya kumpa uji wa mtama. Bibi Nyaluit peke yake ndiye aliyemtikisa mara moja, alipomuuliza habari za Ruthu. Mume wa kwanza wa Ruthu alikufa bila mtoto, Boazi akamwoa ili jina la marehemu lisipotee. Sasa mbona orodha zote mbili zinasema mtoto ni wa Boazi?

"Boazi kamwibia maiti mtoto," alisema Bibi Nyaluit. "Na nyinyi mnamsoma kanisani."

"Mama, yule alikuwa mtu mkubwa."

"Ndio hao hao wanaoiba."

Puok alisema atalitafakari. Bado analitafakari.

Binti yake anaitwa Nyabuom. Ni msichana mrefu, mwenye ulimi wa bibi yake, na kwa miaka alikataa kila kijana aliyekuja kuimba nje ya boma. Halafu akaja Kun, kijana wa watu waliohamia kutoka upande wa Akobo kutafuta malisho. Kun hakuimba vizuri. Alichofanya ni kumbebea Nyabuom mtungi kutoka mtoni mchana kweupe, mbele ya wavulana wenzake, wakamcheka mpaka wakachoka, na kesho yake akaubeba tena. Nyabuom akamwambia baba yake, "Huyu, au nakaa hapa mpaka nizeeke." Puok alifurahi sana. Mke wangu alisema kijana anatembea kama Puok, akitupa mguu wa kushoto, na sisi tukaona ni dalili njema. Wajinga sisi.

Wakaja wajomba na baba zake Kun kuzungumza ndoa. Tulikaa ndani ya banda la ng'ombe, moshi wa samadi machoni, na kabla ya kugusa habari za ng'ombe tukataja koo, kama ilivyo lazima, isije ikaonekana baadaye kwamba tumeoza ndugu kwa ndugu. Puok alitaja upande wake kwa mbwembwe, Puok wa Biel wa Rik, akashuka mpaka kwa watu ambao nadhani wengine aliwabuni. Kisha Pal, ndugu wa baba yake Kun, akaanza polepole: Kun wa Thong, Thong wa Mar, Mar wa Lul.

Duop alikuwa amekaa pembeni na kamba yake. Akainua kichwa.

"Lul yupi?"

"Lul wa Yol," akasema Pal.

"Aliyekuwa na chongo?"

"Ndiye. Ulimjua, mzee?"

"Alikuwa baba yangu," akasema Duop. "Na Mar ni ndugu yangu, tumenyonya ziwa moja. Alichinja dume langu bila kuniambia, nikaondoka. Bado yu hai?"

"Alikufa zamani, mzee."

"Haya," akasema Duop, akaangalia kamba. Nadhani aliumia, lakini hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumpa pole. Kila mtu bandani alikuwa anahesabu kwa vidole. Kwa ng'ombe, Nyabuom ni mjukuu wa Biel na hana undugu wowote na Kun. Kwa damu, ni mjukuu wa Duop, na Kun ni mjukuu wa ndugu yake Duop, baba mmoja mama mmoja. Ndoa ya namna hiyo kwetu ni mwiko. Watoto huzaliwa wakafa, au hawazaliwi kabisa.

Mzee Tharjiath akasafisha koo. "Hapa pana njia," akasema. "Kwa kina Biel hakuna kizuizi. Kama baba wa kuhesabiwa ni Biel peke yake, vijana waoane. Kama Duop naye anahesabiwa, hakuna harusi." Akamgeukia Puok kwa heshima kubwa, na nakuapia yule mzee alikuwa anafurahi. "Lakini sisi tunafuata mafundisho yako, Mwinjilisti. Tuambie, mtu ana baba wangapi?"

Puok akafungua mdomo. Kisha akainama kuchochea moto wa samadi, ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Wageni wakaomba wapewe jibu baada ya Jumapili. Nyabuom alikuwa nje ya ukuta wa nyasi, amesikia yote. Baba yake alipotoka alimngojea na mikono kiunoni.

"Baba, mimi sikujua kwamba huyo Yusufu wako ataniharibia harusi."

"Nyamaza, mwanangu. Nitalitengeneza."

"Utalitengenezaje? Umelihubiri mpaka ng'ombe wanalijua!"

Siku zile nilimwona Puok akienda kwa Mchungaji Yien kwa mlango wa nyuma, yeye ambaye alikuwa akimwita mtoto wa miwani. Jumapili kanisa lilijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Wageni walikuwepo, ndugu wa ukoo wa Biel walikuwepo, na Duop alikuwa mlangoni kama kawaida. Puok akasimama. Akakohoa.

"Ndugu zangu, nimetafakari. Mchungaji wetu ni mtu aliyesoma, na sisi tulimcheka bure. Orodha ya Luka kweli ni ya ukoo wa Mariamu. Kwa hiyo Yusufu alikuwa na baba mmoja tu. Na kila mtu ana baba mmoja tu. Amina."

Ilikuwa fupi kuliko sala ya chakula. Mchungaji Yien akainuka taratibu, uso unang'aa. Kijana wa watu alikuwa ameisubiri siku hii.

"Nakushukuru, Mwinjilisti, kwa kukubali. Ila tumalizie hesabu. Tukimpa Mariamu orodha ya Luka, Yusufu anabaki na ya Mathayo. Na wewe mwenyewe ulitufundisha kwamba Mathayo ni mtu wa damu. Kwa hiyo huyo baba mmoja aliyebaki ni yule aliyezaa. Sivyo?"

Watu wa ukoo wa Biel wakasimama wote kwa pamoja. "Ati nini? Biel si baba yako? Ng'ombe wetu walikwenda wapi? Hilo unalolima ni shamba la nani?"

"Hapana, hapana, nilitaka kusema ni Luka anayebaki..."

"Luka umempa Mariamu sasa hivi, tumesikia!"

"Basi Mathayo ndiye wa Mariamu!"

"Mathayo mpe mbuzi wako!" alipiga kelele mtu dirishani, na nikalazimika kuipiga ngoma ili watu wasipigane.

Bibi Nyaluit alikuwa amengoja kelele zishuke. Alipoinuka, hata wale wa Biel wakakaa.

"Puok," akasema, "nilikuzaa kwenye mvua, maji yameingia nyumbani, na mtu aliyekushika juu ya mabega yake ili usilowe hakuwa Biel. Biel nilimpikia chakula cha wafu na watoto nikawapa jina lake, ni mume wangu, sina neno naye. Lakini Biel hajawahi kulowa kwa ajili yako. Unataka kumwondoa huyu mzee, mwondoe. Ila usimsingizie Mariamu."

Akatoka. Mimi ni mtu wa kejeli, lakini siku ile nilitazama ngozi ya ngoma yangu kwa muda mrefu.

Ilibaki dawa moja, na kila mtu aliijua tangu mwanzo. Dume huchinjwa, kuhani wetu wa jadi, mwenye ngozi ya chui, akampasua kuanzia kichwani mpaka mkiani, watu wa upande mmoja wakachukua nusu yao na wa upande mwingine nusu yao, na undugu ukaishia hapo. Hauzungumzwi tena. Kanisa letu limekataza jambo hilo kwa maneno makali, na aliyeyaandika maneno makali ni Puok mwenyewe. Mchungaji Yien alipoulizwa alisema haiwezekani kabisa, ni upagani, na kwamba kwa bahati Jumatano hatakuwepo, ana safari ya Nasir.

Puok alimkuta Duop mtoni akiosha ndama. Nilikuwepo, nilikuwa nanywesha wangu.

"Mzee," akasema Puok, "wakimpasua dume, itabidi usimame upande wa kina Lul."

"Nimeambiwa."

"Unajua maana yake."

"Nilikuwepo duniani kabla yako, najua." Duop akamwagia ndama maji mgongoni. "Msichana anataka mume. Na wewe hukosi baba. Yule mwingine amekaa vizuri kaburini, hagombani na mtu, hali sana."

Puok alitaka kucheka, akashindwa. Akaniangalia mimi, kana kwamba mimi ningesema kitu. Nilimwambia Duop ndama wake ana kupe sikioni.

Jumatano dume alipasuliwa. Duop alisimama upande wa kina Lul, mguu wa kushoto umetupwa nje, karibu na Kun ambaye anasimama hivyohivyo. Puok alisimama upande wa pili, amesimama hivyohivyo. Mwenye ngozi ya chui alifanya kazi yake, nyama ikagawanywa, na Mzee Tharjiath akala pande zote mbili kwa sababu, alisema, yeye hajabatizwa wala hajapasuliwa. Harusi ilichezwa. Nyabuom aliimba kuliko waimbaji, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumlaumu. Mchungaji alirudi Ijumaa, akauliza kama kuna habari, tukamwambia hakuna.

Duop alifunga mkeka wake aende ng'ambo na jamaa zake aliowapata uzeeni. Bibi Nyaluit akauchukua ule mkeka akaurudisha ndani. "Puok ndiye aliyepasuliwa nawe," akasema. "Mimi nani kanipasua? Ingia ule." Kwa hiyo Duop alibaki palepale, lakini kama mgeni wa mama mwenye nyumba. Asubuhi Puok alimsalimu kwa salamu ya mgeni, kumuuliza amelalaje na watu wake hawajambo, na Duop akajibu kama mgeni, kwamba wote wazima. Niliwasikia kila siku nikipita na ng'ombe wangu. Niliacha kupita njia ile.

Kwenye mahubiri Puok alihamia kwa Marko. Anampenda sana Marko sasa. Marko anamtoa Yesu mtu mzima tayari, hamtaji baba wa ng'ombe wala wa damu, anakwenda moja kwa moja mtoni. Tukimuuliza habari za Krismasi anasema hilo ni la Mchungaji. Mahubiri yake yamekuwa mafupi, na ndiyo maana wageni husema, mwinjilisti wenu ni mtu mpole.

Nyabuom alizaa salama mtoto wa kiume, jina lake Jal, na kama ilivyo desturi alimlea palepale nyumbani kwa baba yake mpaka aachishwe ziwa. Jal alipoanza kusema, mwaka huu wa mavuno mazuri, nilikwenda kuomba tumbaku nikawakuta wote uani. Puok alikuwa anachonga mpini wa jembe. Duop alikuwa amempakata mtoto, maana Jal ni mtoto wa Kun, na Kun ni wa nyumba ya Lul. Kwa ng'ombe na kwa damu yule ni kitukuu wake halali, hakuna wa kumpinga. Alikuwa anamfundisha mababu, akimgonga goti kwa kila jina.

"Jal wa nani?"

"Wa Kun!"

"Kun wa nani?"

"Wa Thong!"

"Thong?"

"Wa Mar!"

"Mar?"

"Wa Lul!" akapiga kelele mtoto, na Duop akacheka kwa meno aliyobakiwa nayo, akambusu kichwani. "Umemaliza, dume langu. Hao ndio watu wako, na watu wangu."

Puok aliacha kuchonga. Akangoja, kisu hewani. Nilijua anangoja nini, na nadhani Duop pia alijua, kwa sababu alianza tena upya polepole, Jal, Kun, Thong, Mar, Lul, kama mtu anayetafuta mahali pa kuingiza jina moja zaidi, la Puok. Hapakuwa na mahali. Mtoto akasema ana njaa, na Puok akainuka kwenda kumletea maziwa.